Muulizeni amepikia nini

Juzi kwenye kundi la ukoo binamu yangu mmoja, msomi wa kutosha, alirusha habari ya mtafiti wa huko nje ambaye kazi yake yote ni tofauti za mapafu ya wanawake na ya wanaume. Akaweka na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. "Hela zimewazidi hawa. Mapafu ni mapafu." Wajomba wakadakia. Mmoja akauliza kama wakimaliza mapafu watahamia kwenye magoti. Nikaandika jibu, likarefuka, nikalifuta, nikaona nije kulimalizia hapa ambapo hakuna admini wa kuniambia niwaheshimu wakubwa.

Habari za mwili nazipitia haraka. Njia za hewa za mwanamke ni nyembamba kuliko za mwanaume, hata ukiwachukua wawili wenye mapafu ya ukubwa uleule. Pumu utotoni huwaandama zaidi wavulana. Ikifika balehe mambo yanageuka, wasichana wanatangulia na ukubwani wanabaki hukohuko mbele. Wako wanaobanwa kifua kila wakikaribia siku zao, waulizeni dada zenu kama mna ujasiri huo. Na Marekani, tangu mwaka 2000, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa (COPD) unaua wanawake wengi kuliko wanaume kila mwaka, ule ugonjwa ambao wote tulizoea kuuona ni wa mababu wavuta sigara. Hayo yanamtosha binamu.

Kilichonipandisha hasira ni kingine. Mwaka 2001 Kenneth Chapman wa Toronto, Kanada, na wenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila chumba cha daktari. Walichukua madaktari 192 wa Marekani na Kanada, wale wa kuonana na mgonjwa kwanza, wakawapa maelezo ya mgonjwa wa kubuni: anavuta sigara, anakohoa, pumzi inakata. Maelezo ni yaleyale kwa wote, kilichobadilishwa ni umri na kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Wakaulizwa, huyu anaumwa nini? Mgonjwa akiwa mwanamume, asilimia 58 walitaja ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Akiwa mwanamke, 42. Kikohozi kilekile, sigara zilezile!

Subirini. Walipoonyeshwa majibu ya kipimo cha kupuliza, kile cha kuvuta pumzi na kuitoa yote kwenye mashine, pengo likapungua, wakawa 74 kwa 66. Maana yake mashine haimwangalii mtu kama amevaa kitenge. Ila kabla ya kuonyeshwa majibu hayo, ni asilimia 22 tu ya madaktari waliosema wangeagiza kipimo hicho wenyewe. Hao ni wa Marekani na Kanada, ambako mashine zipo.

Sasa tuje kwetu. Yule mwanamke wa Chapman alikuwa mvuta sigara, imeandikwa kwenye maelezo yake, na bado hawakumwona. Je, mwanamke ambaye hajawahi kuishika sigara, nani atamwona?

Mama yangu mkubwa anaishi Makete, mkoani Njombe, upande wa baridi, kana kwamba Makete ina upande mwingine. Alikuwa anakohoa muda mrefu, na kile kilima cha kwenda kanisani akawa anakipanda kwa vituo. Tukamshusha Mbeya, tukampeleka hospitali moja ambayo siitaji. Daktari kijana, mpole, sina ugomvi naye kama mtu. Akaanza na maswali ya kwenye fomu.

"Mama, unavuta sigara?"

Mama mkubwa akakaa wima. "Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa."

Tukacheka wote, daktari naye akacheka, akaandika hapana, na kwa upande wa moshi habari ikaishia hapo. Presha ikapimwa. Picha ya kifua ikapigwa. Makohozi yakapelekwa, hakuna kifua kikuu, Mungu ni mwema. Mwisho tukaambiwa ni umri, na baridi ya huko kwenu, mama apunguze mawazo. Tukatoka na amoksilini na chupa ya dawa ya kikohozi.

Hakuna aliyemuuliza anapikia nini. Nawaambia mimi basi. Jiko lake ni kibanda cha udongo nyuma ya nyumba kubwa, kidirisha kimoja ambacho kimezibwa na kipande cha kiroba ili joto lisitoke. Mafiga katikati. Juu ya mafiga ni dari ya mianzi yenye mahindi ya mbegu, na mahindi hayo yanahitaji moshi, bila moshi fukusi wanayamaliza. Masizi yananing'inia kwenye mianzi kama nyuzi, ukipita na kichwa kirefu yanakudondokea shingoni. Wakati wa mvua kuni za mlingoti zinakuwa mbichi, haziwaki, zinafuka. Hapo mama mkubwa anapiga magoti, shavu karibu na jivu, anapuliza. Anakohoa, anafuta macho na ncha ya kanga, anapuliza tena. Amefanya hivyo tangu msichana, asubuhi na jioni, miaka mingi akiwa na mtoto mgongoni. Mwanamke ambaye amepuliza moto maisha yake yote, na hakuna aliyefikiria kumwambia apulize mashine mara moja!

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaoumeza zaidi moshi huo ni wanawake na watoto. Sasa ongezea zile njia za hewa nyembamba nilizozitaja huko juu. Halafu fomu inauliza sigara tu. Hilo swali lilitungwa kwa ajili ya mwanamume, tena mwanamume wa Ulaya, na sisi tumelitafsiri, tukaliweka kwenye fomu, tukalala. Baba mkubwa alivuta sigara ujanani akaacha, na hadi leo akikohoa kidogo tu nyumba nzima inataja mapafu. Mkewe akikohoa, tunatafuta blanketi.

Haya, najua mtakuja na hoja ya wanaume. Ni kweli, na nakiri kwa shingo upande: kifua kikuu kinawashika wanaume wengi kuliko wanawake, hapa kwetu na duniani kote. Makaa ya mawe ya Kiwira hayakuchimbwa na akina mama, na vumbi la mbao kule Mafinga linaingia kwenye vifua vya vijana wa kiume ambao barakoa waliiona mara ya mwisho wakati wa korona. Wapimwe nao. Nani kakataa? Kuwajua wanawake hakuwapunguzii wanaume hata pumzi moja.

Jingine ni gesi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na Rais Samia amelibeba jambo hilo hadi Paris. Nampongeza, bila kejeli. Lakini aliyeandika mkakati alale Makete usiku mmoja wa mwezi wa saba. Mama mkubwa ana mtungi wa kilo sita, tulimnunulia watoto wake, upo sebuleni umefunikwa kitambaa cha kufuma, unawashwa mchungaji akija kunywa chai. Gesi inaivisha, haipashi nyumba joto. Haikaushi mahindi. Na kuni zinatoka shambani kwake bure. Ukitaka kumtoa kwenye mafiga mletee kitu kinachofanya kazi zote tatu, la sivyo utakuwa umemnunulia pambo.

Msiniambie pia kuhusu majiko banifu kana kwamba ndiyo mwisho wa habari. Ng'ambo ya mto Songwe, pale Karonga, Malawi, ukivuka tu kutoka Kyela, watafiti waligawa majiko yanayowaka bila moshi mwingi wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000, huko na wilaya ya Chikwawa. Majibu yalitoka 2017: nimonia kwa watoto haikupungua. Moshi wa jirani, wa takataka, wa kila kitu kingine ulikuwa palepale. Sisemi tuyaache, dohani moja ingemfaa sana mama mkubwa. Nasema mtu ambaye mapafu yake yameshaharibika hasubiri jiko jipya, anasubiri mtu amuone.

Na uwezo wa kumuona upo karibu kuliko tunavyodhani. NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mbeya walikuwa kwenye utafiti wa TB Sequel, wakifuatilia mapafu ya watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu, na kupuliza mashine ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo watu wanaojua kuitumia mashine hiyo wamo mjini humu humu. Kinachokosekana ni hospitali za wilaya kuwa nayo, na mtu wa kuiendesha ambaye hayuko semina. Si kifaa cha kujengewa jengo, kinakaa juu ya meza.

Wakati tunaisubiri hiyo bajeti, mstari mmoja kwenye fomu ni kalamu tu. Baada ya "unavuta sigara?" iandikwe: unapikia nini, ndani au nje, tangu lini. Daktari asipouliza, wewe uliyemsindikiza mama yako sema, hata kama mama mwenyewe atakukonyeza unyamaze kwa sababu unamwaibisha mbele ya mkubwa. Mama mkubwa alinikonyeza. Mwezi ujao tunamrudisha kwenye hospitali nyingine ambayo nimeshapiga simu kuuliza kama mashine ipo na kama inafanya kazi, maana hayo ni maswali mawili tofauti, na safari hii hata akinikonyeza sinyamazi.