Newry si katikati: nusu fainali za klabu za hurling zichezwe wapi?

Desemba 2024 klabu ya Sarsfields ya Cork ilifunga safari ya kama kilomita 350, kutoka kusini mwa kisiwa cha Ayalandi hadi Newry, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, kucheza nusu fainali ya klabu bingwa ya hurling. Wapinzani wao, Slaughtneil wa kaunti ya Derry, walikuwa na mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Kwa jina, uwanja ulikuwa huru: haukuwa wa huyu wala wa yule. Kwa barabara, mmoja alikuwa mgeni na mwingine yuko kwa jirani yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu: timu mbili za watu 15, kila mmoja na gongo bapa la mti mkononi, hugombea kijimpira kigumu cha ngozi ambacho macho ya mtazamaji mpya hayakiwahi. Kikipita juu ya mwamba ni pointi moja, kikiingia wavuni ni goli, nalo huhesabiwa pointi tatu. Hakuna anayelipwa mshahara. Beki aliyevunjwa kidole Jumapili, Jumatatu yuko darasani anafundisha, au zizini anakamua ng'ombe. Na klabu hainunui nyota. Unaichezea parokia uliyokulia, na wengi huichezea hiyohiyo mpaka goti likatae.

Njia ya ubingwa ni fupi lakini ni kali. Bingwa wa kaunti hupanda hadi michuano ya jimbo, kisha mabingwa wa Leinster, Munster na Ulster hukutana na bingwa wa Galway, ambaye huingia nusu fainali moja kwa moja kwa sababu ndani ya jimbo lake la Connacht hana wa kumtosha. Timu nne, nusu fainali mbili, kila moja mchezo mmoja tu. Hakuna marudiano.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Sisi tuliozoea mashindano ya CAF tunajua nyumbani na ugenini ni haki ya wote wawili: leo kwangu, wiki ijayo kwako. CAF yenyewe ilijaribu fainali ya mchezo mmoja, na mwaka 2022 Wydad wakajikuta wanacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa kwenye uwanja wao wa Casablanca dhidi ya Al Ahly. Al Ahly walilalamika mpaka sauti ikakauka, wakafungwa 2-0, na mwaka uliofuata fainali ikarudishwa kuwa ya mechi mbili. Hurling haina nafasi hiyo. Wachezaji ni wa ridhaa, ni majira ya baridi, jua linazama saa kumi jioni, na wengi wao kaunti zao zinawasubiri kwa msimu mpya. Mechi ni moja, kwa hiyo uwanja ni mmoja, na lazima mtu auchague.

Wanaotaka mwenyeji awepo wana hoja nzito, na sitaki kuipita haraka. Mfano mzuri kuliko yote unatoka kwenye ndugu wa mchezo huu, mpira wa miguu wa Kigaeli, chini ya chama hichohicho cha michezo ya Kigaeli, GAA. Juni 2018 timu ya kaunti ya Kildare walipangiwa kaunti ya Mayo, na kura ikawapa Kildare uenyeji. Uwanja wao wa St Conleth's Park mjini Newbridge wakati ule ulikuwa mdogo, haukufika hata watu 9,000, basi wakubwa wakaamua mechi ihamie Croke Park, Dublin, ambako wanaingia watu 82,300. Kildare wakagoma. Wakasema ni Newbridge, la sivyo hatuchezi. Kwa siku chache ilionekana kama watapoteza mechi mezani, lakini mwishowe chama kikalegeza kamba. Mechi ikapigwa Newbridge jioni ya Jumamosi, watu wamebanana kama dagaa, na Kildare wakashinda 0-21 kwa 0-19 (magoli kwanza, kisha pointi).

Siku ile ilionyesha kitu ambacho mahesabu ya viti hayaonyeshi. Mji mdogo ukipata mechi kubwa, mchezo unakaa katikati ya watu. Mtoto anatembea kwa miguu kwenda kumwona mwalimu wake akicheza. Chukua sasa mechi ya klabu ya mashabiki elfu chache, uipeleke Thurles kwenye uwanja wa Semple unaobeba zaidi ya watu 45,000: sauti ya kocha inasikika mpaka jukwaa la mbali, na viti vitupu vinakukodolea macho dakika zote 60. Uhuru wa namna hiyo una ubaridi wake.

Tena, michuano ya majimbo tayari ina mwenyeji na mgeni. Ballygunner wamewapokea wengi pale Walsh Park, Waterford, na hakuna anayesema ubingwa wao wa Munster ni wa magendo. Kwa nini basi nusu fainali iwe kiumbe tofauti?

Jibu langu ni kwamba uenyeji unatakiwa uwe umetoka mahali fulani. Kwenye ligi unaupata kwa kumaliza juu. Kwenye mechi mbili unaupata kwa zamu. Kwenye nusu fainali hizi hakuna msimamo wa ligi wa kulinganisha bingwa wa Ulster na wa Munster, maana hawajawahi kuonana msimu mzima. Kinachobaki ni kurusha sarafu au kufuata mzunguko wa majimbo.

Mzunguko unavutia kwa mbali. Upangaji wenyewe huzunguka: mwaka 2022 ilikuwa Munster na Leinster, Ulster na Galway, mwaka 2023 Munster na Galway, Leinster na Ulster, mwaka 2024 Munster na Ulster, Leinster na Galway. Ungeweza kusema, safari hii Ulster mwenyeji, wakikutana tena baada ya miaka mitatu Munster mwenyeji. Jimbo litakuwa limetendewa haki. Lakini jimbo halichezi. Mount Leinster Rangers wa Carlow, kaunti ambayo haihesabiwi miongoni mwa vigogo, walitwaa Leinster mwaka 2013 na kufika hadi fainali ya Machi 2014, wakafungwa na Portumna. Klabu kama hiyo inafika hapo mara moja katika kizazi kizima. Ukiiambia mwaka huu zamu yako ni ugenini, utalipwa miaka mitatu ijayo, anayelipwa ni nani? Deni lao atalipwa jirani wa jimbo hilohilo, pengine Ballyhale wa Kilkenny, ambao tayari wana mataji tisa ya taifa kabatini.

Kwa hiyo nasimama na uwanja huru. Ila neno hilo limetumika ovyo.

Desemba 2023 Ballygunner na St Thomas' wa Galway walikutana Portlaoise, mji ulio katikati ya nchi. Mmoja anatoka kusini-mashariki, mwingine magharibi, na mwendo wao unakaribiana. Dakika za kawaida zikaisha sare, za nyongeza zikaisha sare, ikaamuliwa kwa penalti na St Thomas' wakapita. Upande ulioshindwa ulikuwa na mengi ya kulia, lakini uwanja haukuwemo.

Croke Park nayo huitwa huru, na kwa klabu nyingi ni kweli. Lakini Na Fianna, waliotwaa ubingwa pale Januari 2025, makao yao yapo Glasnevin, kilomita chache tu kutoka lango la uwanja. Watu wa kaunti ya Donegal waliwahi kupeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa chama, wakitaka Dublin wasihesabiwe wako uwanja huru wanapocheza Croke Park, na ikapigwa chini. Kwa haki ya Na Fianna, nusu fainali yao waliishinda Thurles, mbali na kwao. Nao Cuala, Wadublin wenzao, mwaka 2018 walitoka sare kwenye fainali dhidi ya Na Piarsaigh hapo Croke Park, wakaenda kumalizia kazi Portlaoise.

Sasa rudi Newry. Mwaka 2023 Cushendall wa Antrim walicheza hapo na O'Loughlin Gaels wa Kilkenny, wakafungwa. Mwaka 2024 Slaughtneil nao wakafungwa hapohapo na Sarsfields. Klabu ya Ulster iliyovuka nusu fainali karibuni ni Dunloy, Desemba 2022, walipowatoa St Thomas', na ilikuwa Croke Park. Mechi tatu hazijengi sheria, lakini zinatosha kumfanya mtu apunguze kelele kwamba uwanja ndio unaobeba timu. Pia zinapunguza hoja ya upande wa pili: kama ukaribu haukuwasaidia Ulster kushinda, ulimsaidia nani? Uliwasaidia mashabiki wao, ambao miaka mingi ndio wanaoamka usiku kupanda basi la kusini. Hilo nalielewa kabisa, na kama nia ni kuwapa Ulster nafuu, chama kiseme waziwazi kuwa ni uenyeji nusu, kisiufunike kwa jina la uwanja huru.

Mimi ningeanza na vitu viwili. Kwanza barabara: mara tu mabingwa wa majimbo wakijulikana, ipimwe safari ya kila klabu, na uwanja ambao tofauti ya mwendo inapita saa moja uondolewe kwenye orodha. Pili ukubwa: uwanja wa kaunti wa watu elfu kumi hivi, wenye taa na nyasi zinazovumilia Desemba, unatosha. Wala si jambo geni. Januari 2022, Munster na Ulster walipokutana, Ballygunner na Slaughtneil walipelekwa Parnell Park, Dublin, kila mmoja akisafiri masaa mawili na ushee. Jozi hiyohiyo ya majimbo ilirudi Desemba 2024, na Parnell Park haikuwa imehama.