Mathenge: tuung'oe au tujengee boma?

Ukitaja mathenge, ule mti wa miiba wa kigeni unaoitwa pia prosopis, pale Marigat kaunti ya Baringo, utaambiwa huo mti ni shetani, na kwa kweli wana sababu. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 80, ati watu wapate kuni na jangwa lisisogee, ukaishia kumeza malisho, na 2006 wenyeji wakaenda hadi kortini Nairobi na mbuzi asiye na meno, yameoza kwa kutafuna yale maganda matamu. Sasa mtu akisema nguzo za boma lake ni za mathenge anaangaliwa kama msaliti.

Mimi naona huyo mtu anaonewa. Hebu chukua mtu ako na ekari mbili, nusu imeshikwa na miiba, pesa ya kuita tinga ing'oe visiki hana, posti za mtarakwa zinatoka mbali huko juu, na serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma 2018 bei ya mbao ikawa si ya kuuliza. Halafu hapo mlangoni kuna mti ambao kiini chake chekundu mchwa wanauheshimu. Aache kuutumia kwa sababu gani? Ile nyama nyeupe ya nje ndiyo inaliwa na dudu mpaka inamwaga unga, kwa hivyo fundi anayeujua anaambua gome mapema, anapaka oili chafu ile sehemu inayoingia ardhini, na misumari anapiga mti ukiwa bado mbichi, maana ukikauka msumari unajikunja tu. Umepinda, sawa, hautakupa mbao ndefu za paa, lakini fensi na zizi la mbuzi havitaki mti ulionyooka kama rula, na nyumba ya udongo ndio kabisa, udongo unaficha.

Wanaotaka ung'olewe wanasema ukishaupa bei hakuna atakayetaka uishe. Hilo ni kweli kiasi, ila mimi kinachonisumbua zaidi ni kisiki. Mtu anahitaji posti moja, anakata na panga kwa urefu wa goti kwa sababu huko chini miiba imejaa, anaenda zake, mvua ikinyesha mara moja pale pamekuwa kichaka, machipukizi kila upande, membamba, hayafai hata fito. Kwa hivyo posti moja imemletea shida mara tano. Dawa yake inajulikana, uchimbe ukate chini ya ardhi kama shubiri moja, lakini jaribu hiyo kazi na jembe kwenye ardhi kavu ya Baringo uone, visiki viwili asubuhi imeisha na mgongo nao umeisha. Ama uache chipukizi moja tu, ulipogoe likue wima, hiyo ndiyo posti yako ya baadaye na nyasi zinapata jua chini yake. Mimi ningefanya hivi vyote viwili, pembeni nifuge mti, katikati ya shamba ning'oe.

Kuna kitu kingine watu hawakiangalii, ni mbuzi wenyewe walio ndani ya hilo zizi. Wanakula maganda, mbegu zinapita tumboni nzima nzima, halafu unabeba samadi kupeleka kwa mahindi na hapo umepanda mathenge kwa mkono wako. Afadhali uokote maganda kabla hawajayafikia, uyasage pamoja na mbegu, ndio uwape kama chakula.