Turbo ya 1HZ: anzia kwenye mlima unaoupanda

Watu wanaoniuliza waweke turbo gani (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani) kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya Toyota isiyotoka kiwandani na turbo, huanza na bei, kisha ukubwa. Mimi huwauliza gari linafanya kazi wapi, na kwa gia ya ngapi.

Gari letu linabeba watalii kutoka Arusha. Linapanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, halafu linatoka lango la Lodoare hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, likiwa na abiria saba na mizigo yao. Kule juu presha ya hewa iko chini kwa takriban robo ukilinganisha na Tanga. Injini isiyo na turbo hupumua inachopata, na pampu yake ikiendelea kumwaga dizeli ileile, ya ziada hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi. Kwa hiyo nasema bila kusita: kwa safari za namna hii, turbo kwenye 1HZ ni kitu cha maana sana. Shida yangu ni jinsi tunavyoichagua.

Turbo yetu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, imetoka kwenye lori. Fundi aliisifia ukubwa. "Bosi, hii itavuta mpaka ushangae." Na kweli ilivuta, ila baada ya injini kufika mizunguko 2,600 kwa dakika. Kwenye kona za Ngorongoro, gari limejaa, hufiki huko mara nyingi. Fundi akaongeza mafuta kwenye pampu ili gari lichangamke. Mwezi wa nne silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, ikapasuka katikati ya valvu. Wageni tuliwatafutia gari jingine, dereva wetu akalala porini akilinda lile bovu. Lile la dereva ndilo linaloniuma hadi leo.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Kwenye dizeli, mafuta yakizidi hewa ndipo joto linapopanda. Hewa ikizidi, joto linashuka. Waliozoea injini za petroli hupotea hapa, kwa sababu huko kupunguza mafuta ndiko kunakoogopwa. Sasa, pampu ya 1HZ haina kifaa cha kusikia presha ya turbo. Ukiikaza skrubu ya mafuta, umeongeza mafuta muda wote, hata turbo ikiwa bado imelala. Turbo kubwa huchelewa kuamka, na kwa dakika zote hizo za kupanda polepole injini inakula mafuta mengi bila hewa ya kuyachoma vizuri. Joto lote hilo linaishia kwenye hedi na pistoni.

Ndiyo maana nasimama upande wa turbo ndogo, inayoanza kusukuma kwenye mizunguko 1,500 hivi, na presha isiyozidi nusu baa (baa moja ni karibu presha ya hewa ya kawaida pale pwani). Itakosa pumzi ukikimbiza gari juu ya mizunguko 3,500, sawa, lakini nani anakimbiza hivyo akiwa na watalii? Tukumbuke pia 1HZ ilitengenezwa ivute hewa yenyewe: mgandamizo wake, yaani kiasi silinda inavyoibana hewa, ni 22.4 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T, yenye ukubwa uleule wa sentimita za ujazo 4,164, ilitoka kiwandani na turbo na mgandamizo wa 18.6 kwa 1. Yule alizaliwa kubeba presha. Huyu tunambebesha.

Na hiyo nusu baa si kitu kimoja kila mahali. Ukiwa Tanga, turbo inaikandamiza hewa mara 1.5 kupata nusu baa kwenye geji. Ukingoni mwa kreta inabidi iikandamize karibu mara 1.65 kupata namba ileile, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Anayekuuzia turbo akiwa na karatasi ya mchoro wa uwezo wake, soma kwa hesabu ya mlimani.

Neno kuhusu CT26, maana kila duka la spea litakutajia. Ni turbo iliyokuja na 1HD-T, na hiyo inaifaa 1HZ vizuri. Lakini jina hilohilo liko kwenye turbo za Toyota za petroli, zile za Celica na Supra, na ndani hazifanani. Uliza imetoka kwenye injini gani. Shika shafti uitikise: ikicheza hadi feni iguse ukuta, irudishe. Bomba la kurudisha oili nalo lishuke moja kwa moja, bila kupinda kwenda juu.

Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, ningenunua geji ya joto la moshi kabla ya turbo yenyewe, kihisio kikae kati ya injini na turbo. Siku hizi tumeweka turbo ndogo na skrubu ya pampu haijaguswa. Dereva ana maagizo mafupi: sindano ikifika nyuzi 650 na mlima bado, shusha gia, punguza mguu. Akishafika juu, anaiacha injini ingurume taratibu dakika mbili wageni wakipiga picha, ndipo anazima.