Simu iliyochakachuliwa, kwa mujibu wa benki yangu

Benki yangu imesasisha programu yake wiki hii, na tangu hapo haifunguki kwenye simu yangu. Nembo inatokea, kiduara kinazunguka, halafu maandishi mekundu: kifaa hiki si salama. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole, tena mvumilivu kuliko mimi. Akaniuliza natumia simu gani, nikamwambia Pixel, simu ya Google, yenye GrapheneOS, Android mbadala niliyoiweka badala ya ile ya kiwandani. Kimya. Nikasikia anamuuliza mwenzake pembeni. Akarudi: "Kaka, mfumo wetu unaonyesha simu yako imechakachuliwa. Jaribu kutumia nyingine."

Nyingine ipo hapa nyumbani, ya mama mdogo, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki. Android 10, kioo kina ufa kona ya juu, memori imejaa picha za "habari za asubuhi" kutoka magrupu ya WhatsApp. Nikaomba ruhusa, nikaingia kwenye mipangilio kuangalia viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba mashimo. Cha mwisho ni cha Machi 2021. Nikaweka programu ya benki ile ile, toleo lile lile. Ikafunguka bila hata kukohoa.

Yangu ina viraka vya mwezi huu. Hiyo ndiyo hasira yangu, na sitaki mtu aniambie ni suala dogo la kiufundi.

Ninachotaka kusema ni kwamba benki zetu hazipimi usalama wa simu. Zinapima kama simu yako imegongwa muhuri na Google, basi. Mliokuwa mnaruti simu zamani, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo, mnaikumbuka SafetyNet, ukaguzi wa Google, na jinsi tulivyokuwa tunaikwepa. Google waliifunga 2025, na kiti chake kimekaliwa na Play Integrity. Programu ya benki inauliza seva za Google: hiki kifaa vipi? Google inajibu kwa ngazi: ngazi ya msingi, ngazi ya kifaa, na ngazi ya juu kabisa. GrapheneOS inapata ya msingi, inanyimwa ya kifaa. Haijanyimwa kwa sababu kuna tundu la usalama lililoonekana. Imenyimwa kwa sababu mfumo huo haumo kwenye orodha ya mifumo iliyoidhinishwa na Google, na kuingia kwenye orodha hiyo maana yake ni kukubali kubeba huduma za Google zikiwa na mamlaka ya juu ndani ya simu, jambo ambalo GrapheneOS iliundwa ili kuliepuka.

Tangu Mei 2025 Google wamekaza kidogo. Ili simu ya Android 13 kwenda juu ipate ngazi ya juu kabisa, lazima iwe imepata kiraka cha usalama ndani ya miezi 12. Vizuri. Sasa soma sharti la simu za Android 12 kushuka chini: hazidaiwi kiraka chochote. Yaani kadiri simu inavyozeeka ndivyo mtihani unavyolegezwa. Ya mama mdogo imesamehewa kwa sababu ya umri, na mashimo yake yote ya tangu 2021 yamesamehewa pamoja nayo.

Na wale wanaotaka kudanganya? Wanadanganya, tena mchana kweupe. Kuna vifurushi vya Magisk, zana ya kurutia, vinavyoifanya simu iliyorutiwa ijitambulishe kwa jina la simu nyingine, na kuna funguo za siri za watengenezaji, za kuthibitisha kwamba simu ni halali, zilizovuja na zinazopitishwa kwenye magrupu ya Telegram. Google wakizifuta hizi, kesho zinavuja nyingine. Jamaa mwenye simu iliyorutiwa, butiloda (kufuli la mfumo simu inapowaka) wazi, romu (mfumo mbadala) aliyoichukua kwa mtu asiyemjua, anapita. Mimi niliyefunga butiloda na kukataa kuruti nabaki nje. Yaani ningetaka benki yangu iniamini, ningelazimika kwanza kuifanya simu yangu isiwe salama, halafu niidanganye benki. Hiyo ndiyo sera ya usalama wanayoilipia.

Kuna kitu kingine kinachonikera zaidi. Benki hiyo hiyo, kwa akaunti hiyo hiyo, inaniruhusu nihamishe hela kwa kitochi. Nyota, tarakimu, reli, namba ya siri, tayari. Hakuna anayeuliza kitochi kina mfumo gani. Hakuna anayeuliza kimesasishwa lini, maana hakijawahi kusasishwa tangu kitoke kwenye boksi. Namba ya siri inayopita kwenye USSD haifichwi kuanzia kwenye kidole chako mpaka kwenye seva ya benki, na mhandisi yeyote wa simu atakwambia hivyo ukimkuta amepumzika. Siiponda USSD. Bila menyu zile nusu ya nchi isingekuwa na akaunti ya aina yoyote, na mimi mwenyewe wiki hii nimelipia LUKU kwa *150*00# kama kawaida. Ninachosema ni kwamba ukikubali hatari ile kwa mikono miwili, huwezi kunitazama usoni na kuniambia Pixel yangu ndiyo tishio.

Halafu tuulizane, hela za watu hapa Bongo zinaibwaje? Kwa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa mtu anayejifanya wakala aliyekosea kutuma. Kwa laini inayosajiliwa upya kwa jina lako ukiwa umelala. Kwa shemeji anayeijua namba yako ya siri kwa sababu ni mwaka uliozaliwa. Sijawahi kumsikia tapeli aliyekaa chini akaweka GrapheneOS ili akuibie.

Haya, sasa upande wa pili, maana najua mtanijia.

Ndiyo, romu mbadala nyingi ni takataka kiusalama. Nimesema. Mtu anakwenda pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, fundi anachomeka waya, anaflashi (anaweka mfumo mpya kwa) faili aliloshusha kwenye grupu lililoanzishwa na mtu mwenye picha ya katuni, na mteja anaondoka anafurahi kwa sababu ikoni zimekuwa za mviringo. Ndani ya lile faili kuna nini, fundi hajui, mteja hajui, na sina hakika kama hata mwenye katuni anajua. Benki ikiikataa simu ile sina la kuitetea.

Hata LineageOS, romu ambayo naipenda kwa moyo wote. Sisi wa zamani tulilelewa na romu ya CyanogenMod, na ilipokufa Desemba 2016 kwa sababu kampuni iliyobeba jina lake ilizima seva, ni LineageOS waliookota kazi wakaendelea bila mshahara. Inafufua simu ambazo kiwanda kilishazitelekeza. Lakini tuseme ukweli: kwa simu nyingi butiloda inabaki wazi. Ukishaiacha wazi, ule ukaguzi unaofanyika simu inapowaka, wa kuhakikisha hakuna aliyegusa mfumo, haupo tena. Mwenye waya na dakika chache peke yake na simu yako anaweza kubadilisha mfumo na usijue. Mwizi naye anaifuta na kuiuza Tandale bila kusumbuliwa na akaunti yako ya Google. Na viraka vyao vinaishia kwenye Android yenyewe. Programu dhibiti za modemu na chipu zinatoka kwa mtengenezaji, na kama mtengenezaji ameshakutupa, LineageOS hawawezi kukutengenezea. Ukurasa wa mipangilio utaonyesha kiraka cha mwezi huu, kumbe modemu iko 2020.

Kwa hiyo ndiyo, benki ina haki ya kuogopa baadhi ya hizi simu. Kwa shingo upande, lakini nakubali.

Ila tofauti ipo, na inapimika. GrapheneOS inakaa kwenye Pixel tu, na watu wanailaumu kwa hilo. Imechagua Pixel kwa sababu mbili kubwa: zinapata viraka vya programu dhibiti kwa wakati (kuanzia Pixel 8 ya 2023, Google wameahidi miaka 7), na zinakuruhusu kufunga tena butiloda kwa ufunguo wa mfumo uliouweka. Nikiwasha simu yangu linatokea onyo la njano kwamba inapakia mfumo tofauti, na chini yake herufi na tarakimu za kuutambulisha ufunguo huo. Ukaguzi unafanyika kila inapowaka. Mtu akigusa mfumo, haiwaki.

Na benki inaweza kulijua hilo bila kumpigia Google magoti. Android yenyewe ina njia: unaiomba chipu ya usalama ndani ya simu ikupe cheti chenye saini, na cheti kinasema butiloda imefungwa au iko wazi, mfumo umesainiwa kwa ufunguo upi, viraka ni vya mwezi gani. Viraka ni vya mwezi gani! Swali lile lile ambalo hawakumuuliza mama mdogo. GrapheneOS wamechapisha funguo zao hadharani pamoja na maelezo ya namna ya kuzikagua. Mhandisi wa benki anaongeza funguo hizo kwenye orodha anayoikubali, basi. Sio mradi wa kuundiwa kamati na posho. Lakini ni rahisi zaidi kubandika huduma ya Google, mkaguzi akija anaonyeshwa kisanduku kilichotiwa tiki, kila mtu anakwenda chakula cha mchana.

Tena hilo wazo la kwamba mfumo wa kiwandani ndio msafi, sijui tulilitoa wapi bara hili. Agosti 2020 BuzzFeed News, pamoja na kampuni ya usalama ya Upstream, walionyesha simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika zikiwa na Triada na xHelper ndani: virusi vinavyoandikisha watu huduma za kulipia na kula vocha zao kimyakimya. Simu mpya hizo, kutoka kwenye boksi. Transsion, wenye Tecno, walisema ni mtu katika mnyororo wa ugavi na kwamba walishatoa marekebisho. Sawa. Aliyenunua hakuwa na namna ya kujua, na hakuflashi kitu.

Milango nayo inazidi kufungwa. Huawei waliacha kutoa misimbo ya kufungua butiloda 2018. Samsung wameondoa chaguo hilo kwenye toleo lao la Android, One UI 8. Xiaomi wanakusubirisha na kukuwekea masharti mpaka ukate tamaa, na nadhani ndiyo nia. Na Agosti 2025 Google wakatangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia na Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, programu ya kuwekwa kwenye simu iliyoidhinishwa lazima itoke kwa msanidi aliyejiandikisha kwao. Wengine tutafuata. Kelele zilipozidi wakasema wataweka njia kwa watumiaji wazoefu. Tutaiona.

Mengine ni madogo. Filamu za kulipia zinaweza kushuka ubora kwenye romu nyingi. Kulipa kwa kugusa kupitia Google, sahau. WhatsApp, ramani, barua pepe, vyote vinafanya kazi, na kwenye GrapheneOS hata Play Store unaiweka kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya ziada; ukiinyima ruhusa ya kuona majina ya watu wako, inanyimika.

Swali ninaloulizwa kila nikiandika haya: basi nifanye au nisifanye? Kama simu yako ndiyo duka lako, unaitumia kwa uwakala na programu za benki tatu, usifanye leo. Uliza kwanza, programu moja moja, kwa watu wanaotumia nchi hii hii, maana inayofunguka Kenya inaweza kukataa hapa na inayofunguka leo inaweza kukataa kesho, kama yangu. Kama una simu ya pili ya kuwekea hayo mambo ya benki, fanya. Ndivyo ninavyoishi sasa: nyota na reli kwa benki, Pixel kwa maisha mengine. Nimewaandikia benki barua pepe yenye kiungo cha maelezo ya zile funguo. Wamejibu kwamba maoni yangu yamepelekwa kwenye idara husika.

Ukiamua kununua Pixel iliyotumika, usitoe hela kabla ya jambo moja. Unganisha simu na intaneti pale pale dukani. Kwenye "Kuhusu simu" gonga namba ya muundo mara saba ili menyu ya wasanidi ifunguke, ingia humo, tafuta swichi ya kuruhusu butiloda kufunguliwa. Simu nyingi zinazoingia kupitia Dubai zilikuwa za mitandao ya Marekani, na zile za Verizon swichi hiyo ni ya kijivu, haibonyezeki, hata simu ikiwa inakubali laini zote. Muuzaji atakwambia fundi wake anaimaliza kwa elfu ishirini. Hawezi. Mrudishie simu yake, omba iliyouzwa na Google moja kwa moja, na kama hana, nenda duka la pili.