Uchapishaji wa 3D hospitalini na mizani isiyo yake

Wanaoubeza uchapishaji wa 3D katika tiba, yaani printa kujenga kitu cha kushikika tabaka juu ya tabaka kwa kufuata mchoro wa kompyuta, wana hoja moja isiyo rahisi kuipangua: moyo ulioahidiwa haujafika. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha moyo kwa seli za binadamu, na picha zake zikazagaa duniani kote, lakini ulikuwa na ukubwa wa moyo wa sungura na haukuweza kusukuma damu. Ukiongeza mikono bandia ya plastiki inayogawiwa na watu wa kujitolea, ambayo hupendeza kwenye picha kuliko inavyobeba ndoo ya maji, utaelewa kwa nini wapo wanaosema kuwa haya yote ni mbwembwe.

Tatizo ni kwamba moyo na mkono ndivyo vinavyotazamwa, ilhali kazi kubwa ya teknolojia hii hufanyika kimya. Maganda ya vifaa vya kusaidia kusikia, yale yanayokaa ndani ya sikio, zamani yalitegemea mkono wa fundi aliyeyasugua moja moja. Siku hizi karibu yote hutoka kwenye printa, na anayeyavaa huenda hajui. Kwa kalibu ya kumiminia plastiki, kitu cha kwanza ni ghali na cha elfu ni rahisi. Printa haijali: cha kwanza na cha elfu gharama yake ni karibu ileile, hata pasipo viwili vinavyofanana, na masikio ya watu hayafanani.

Lakini mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni wa mgonjwa ambaye taya lake la chini limeharibiwa na uvimbe. Madaktari huikata sehemu mbovu na kuiziba kwa mfupa mwembamba wa mguu, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Mfupa huo umenyooka, taya limepinda. Hivyo hukatwa vipande kwa pembe sahihi, vikaunganishwa kwa bamba la titani, kisha mishipa ikashonwa shingoni kwa msaada wa hadubini. Tangu mishipa inapokatwa mguuni hadi damu inapoanza kupita tena, mfupa hauna damu, na kila dakika ina thamani yake. Kwa njia ya zamani daktari alikisia pembe kwa jicho na uzoefu, akakata, akajaribisha, akakata tena. Sasa picha za CT scan, yaani eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, hugeuzwa kuwa taya la plastiki ambalo daktari hulishika mkononi kabla ya siku ya upasuaji, akalikunjia bamba hadi likae barabara. Kielekezi kilichochapishwa, chenye mianya ya kupitishia msumeno, hufungwa juu ya mfupa, nao hukatwa ukiwa bado mguuni, damu ikiendelea kuulisha. Kielekezi chenyewe hutupwa baada ya kazi, na hakuna gazeti litakalokipiga picha. Ukiniuliza faida ya uchapishaji huu iko wapi, nitakuonyesha dakika hizo zilizookolewa kabla sijakutajia kidonge cha kifafa kilichochapishwa, kinachoyeyuka kwa funda la maji, kilichoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2015.

Hata vinavyobaki mwilini vina ushahidi wake. Mwaka 2012 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walimwekea mtoto mchanga, ambaye njia yake ya hewa ilikuwa ikijifunga, kishikizo kilichochapishwa kwa vipimo vyake mwenyewe na kwa plastiki inayonyonywa na mwili baada ya miaka michache. Wakosoaji husema kwamba mtoto mmoja si utafiti, na wana haki: tafiti nyingi za fani hii zina wagonjwa wachache.

Wana haki zaidi kuhusu jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hii hulipita haraka, nalo ni kwamba mfano uliochapishwa unaweza kudanganya. Mfupa wa sakafu ya tundu la jicho ni mwembamba kiasi kwamba kompyuta inapotenganisha mfupa na nyama hushindwa kuuona. Plastiki ikatoka na shimo ambalo mgonjwa hana, na kwa kuwa kitu kinashikika mkononi, kinaaminika kuliko picha. Tena plastiki ya PLA inayotumiwa na printa nyingi za bei nafuu huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, wakati mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke hufika 121 na zaidi. Kielekezi kilichojipinda humo kitauongoza msumeno pasipo pake.

Kwangu hizo ni sababu za kuweka utaratibu, wala si za kuirudisha printa dukani. Bei ya mashine hutajwa kwanza kwenye vikao vya ununuzi, ilhali kilicho ghali ni saa za mtaalamu anayezipitia picha za CT scan tabaka kwa tabaka. Kabla ya kununua, hospitali itaje nani atafanya kazi hiyo, na nani mwingine ataulinganisha mfano na picha za awali na kutia saini kabla haujavuka mlango wa chumba cha upasuaji.