Kipuri kilicholika kichomelewe, au kinunuliwe kipya?

Wakandarasi wa barabara, wenye machimbo ya kokoto na wenye mashamba makubwa ya Arusha na Kilimanjaro hukutana na uamuzi uleule kila mtambo unapoanza kulegea: kipuri kilicholika kipelekwe karakana, kikajaziwe kwa kuchomelewa na kukerezwa hadi kirudi kwenye kipimo chake, au kiagizwe kipya na mtambo usubiri. Wanaotetea kipya husema kipuri kilichochomelewa ni hasara iliyoahirishwa. Wanaotetea karakana husema anayeagiza kipya analipia chuma ambacho tayari anacho. Hoja zote mbili zina uzito, lakini mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba vipuri vyote huharibika kwa namna moja, na hapo ndipo unapopotea. Kipuri kinacholika kwa msuguano hupoteza chuma cha juu huku kiini chake kikibaki kizima. Kipuri kinachochoka kwa kupindwa na kuachiwa mara nyingi kinaweza kuonekana kizima kabisa huku ufa mwembamba ukitembea ndani yake. Cha kwanza kinarudishika. Cha pili, kukijazia chuma juu ni kuufunika ufa.

Tuanze na kinachorudishika. Mkono wa eskaveta una uzito wa mamia ya kilo, na kwa mitambo mikubwa hufika tani na zaidi. Vumbi na mchanga vinavyoingia kwenye grisi huondoa milimita chache tu za chuma kwenye tundu la pini kabla ndoo haijaanza kucheza. Kuutupa mkono mzima kwa ajili ya milimita hizo ni kutupa karibu kazi yote ya kiwanda kilichouunda, na kutafuta fedha za kigeni kwa kitu ambacho sehemu yake kubwa ipo uwanjani. Kipuri kisichopatikana hapa Arusha mjini hutafutwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, na kisipopatikana huko husubiri meli. Mkandarasi ambaye mkataba wake una faini ya kuchelewa, huku mitambo ya kukodi ikimdai kila siku, ana sababu nzuri ya kumwita fundi.

Kazi hiyo ikifanywa inavyopaswa hupendeza kuitazama. Mashine ya kuchonga matundu, ndogo kiasi cha kubebeka, hufungwa kwenye mkono wenyewe palepale mtambo uliposimama. Upau wake hupitishwa katika matundu yote mawili ya pini kwa pamoja, na fundi hutumia muda mrefu kuusawazisha kwa kufuata sehemu za tundu ambazo hazikulika, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonyesha mhimili wa awali ulipopita. Kisha hulikata tundu lililokwisha kuwa na umbo la yai hadi liwe duara safi, huchomelea tabaka baada ya tabaka kwa kuzunguka ndani, huacha joto lishuke, ndipo hukata tena hadi kufikia kipimo cha bushi, yaani pete ya chuma inayokaa kati ya tundu na pini. Bushi nayo hugandishwa ili isinyae kidogo, ikaingia bila kugongwa kwa nyundo nzito, na ikabana yenyewe inaporudi kwenye joto la kawaida.

Njia ya mkato ni kulipanua tundu kwa moto wa gesi, kuiweka bushi kwa kukadiria kwa jicho, na kuichomelea pembeni. Kazi huisha upesi na kwa bei ndogo. Lakini chuma kilichoyeyushwa husinyaa kinapopoa na kuivuta bushi kutoka mahali pake, kwa hiyo matundu mawili yaliyokuwa yakitazamana sasa yamepishana, pini inalalia ukingo, na grisi inakamuliwa nje. Baada ya muda mfupi pini imelika upande mmoja, na mwenye mtambo anahitimisha kwamba kuchomelea hakufai, ilhali kilichokosekana ni kupima. Naongeza jambo dogo linalogharimu watu fedha nyingi: klampu ya ethi, ile inayourudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea. Ikifungwa mbali na sehemu inayochomelewa, umeme hujitafutia njia kupitia beringi na nyaya, ukaacha vidoa vya kuungua kwenye beringi na pengine kuua kompyuta ya injini. Betri itenganishwe kwanza, na klampu ifungwe karibu kabisa na mshono, kwenye kipande kilekile.

Wanaotetea kipya wana hoja yao kuu kwenye joto, na ni hoja isiyopuuzika. Shafti nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.4 hadi 0.5. Chuma hicho kikichomelewa kikiwa baridi, ukanda mwembamba kando ya mshono hupoa haraka mno, kwa sababu wingi wa chuma unaouzunguka hunyonya joto lote, na ukanda huo hugeuka mgumu usiostahimili kupindwa. Dawa yake inajulikana: kipuri kipashwe moto kabla, kwa chuma cha aina hiyo kati ya nyuzijoto 150 na 260 hivi, kidumishwe katika joto hilo kazi ikiendelea, kisha kifunikwe kipoe polepole. Adui wa pili ni unyevu. Rodi za kuchomelea zenye hidrojeni kidogo, zile ambazo mafundi huziita 7018, hufyonza unyevu wa hewa pakiti yake ikishafunguliwa, na masika ya Arusha, kuanzia Machi hadi Mei, yana unyevu wa kutosha. Ndani ya moto wa kuchomelea unyevu huo huachia hidrojeni, hidrojeni hujipenyeza kwenye chuma, na ufa unaotokana nayo unaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, hata baada ya siku mbili. Mteja aliyeutazama mshono jioni ileile, akauona umelala vizuri na kulipa, hakuwa ameukagua ufa ambao ulikuwa bado haujazaliwa. Rodi za namna hiyo hukaushwa katika oveni kwa nyuzi 300 na zaidi; kuzianika juani hakutoshi.

Kanuni ya kupasha moto nayo haifai kila mahali. Taya za mashine za kuvunjia mawe ya kokoto kwa kawaida ni za chuma cha manganizi, kilichobuniwa na Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882, chenye manganizi ya takriban asilimia 11 hadi 14. Kadiri mawe yanavyokigonga, ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Lakini kikipashwa moto kupita kiasi hupoteza ustahimilivu wake na kupasuka. Kinatakiwa kichomelewe kwa mishono mifupi, kikiachwa kipoe, na joto lake lisivuke takriban nyuzi 260. Tendo linaloiokoa shafti, likifanywa bila kipimo, huiua taya. Fundi anaweza kutofautisha vyuma hivi kwa sumaku ndogo ya mfukoni, kwa kuwa chuma cha manganizi hakishikwi na sumaku, au hushikwa hafifu pale uso wake ulipogongwa sana. Ningefurahi kuiona sumaku hiyo ikining'inia katika kila karakana ya Unga Limited na Majengo, kwa sababu swali la kwanza la kazi hii ni chuma hiki ni cha aina gani, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote.

Hata hivyo, hoja ya kipya ina udhaifu wake mkubwa: hulinganisha kazi ya karakana na kipuri halisi cha mtengenezaji, ilhali dukani mnunuzi hukutana pia na vipuri vya kuiga vyenye boksi linalofanana na halisi. Pini ya kuiga ambayo ugumu wake haukuingia kwa kina hulika upesi baada ya tabaka la juu kuisha. Mwenye mtambo anayelinganisha bei hizi mbili anapaswa kujiuliza analinganisha na kipya kipi.

Vipo vipuri ambavyo nisingekubali vichomelewe kwa bei yoyote. Ndoano ya kreni, viungo vya usukani na sehemu za breki vimo humo, maana vikivunjika haviharibu ratiba tu, vinaua. Rimu ni hatari ya pekee: kuichomelea ikiwa na tairi, hata tairi lililotolewa upepo, kunaweza kuupasha mpira moto hadi utoe gesi zinazolipuka, na mlipuko huo umeua mafundi katika nchi nyingi. Rodi ya silinda ya haidroliki iliyochubuka nayo haifai kutiwa tone la chuma na kupigwa msasa. Itaikata sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje, ndani ya muda mfupi.

Krankshafti, shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, ndiyo inayonifanya nisite. Kuipunguza kwa milimita 0.25 au 0.50 na kufunga beringi za kipimo hicho ni kazi ya kawaida na ya kuaminika, mradi mviringo wa pembeni, pale shingo inapokutana na ukuta, ubaki ulivyokuwa. Kuijazia kwa kuchomelea ni jambo jingine, kwa kuwa pembe hiyo ndiyo inayobeba mkazo mkubwa na ndipo ufa huanzia. Wapo wenye mitambo maalumu wanaoifanya vizuri, kwa joto linalodhibitiwa na ukaguzi wa nyufa kabla na baada. Asiye na vifaa hivyo aiache.

Maarifa ya haya yote hayako mbali. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978, TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, ipo mjini hapa, na VETA inafundisha Arusha na Moshi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9606 kinaeleza namna mchomeleaji anavyopimwa kwa vipande vya majaribio. Hata kukagua nyufa hakuhitaji maabara: rangi nyekundu hupuliziwa juu ya chuma kilichosafishwa, huachwa ipenye, hufutwa, kisha hupuliziwa poda nyeupe, na kama ufa upo hujichora wenyewe kwa mstari mwekundu.

Kwa hiyo ningemtaka mwenye mtambo, kwa shafti na matundu ya pini, adai karatasi inayotaja aina ya chuma, rodi iliyotumika, joto la kuanzia, vipimo vya kabla na baada, na majibu ya ukaguzi wa nyufa uliofanywa siku mbili baada ya kuchomelea. Mafundi wadogo watasema hiyo ni gharama juu ya gharama, na kwa meno ya ndoo nakubaliana nao kabisa. Kwa shafti sikubaliani, ila mteja naye ana wajibu: muda wa kupima, kupasha moto na kusubiri uandikwe kwenye bei kama kazi inayojitegemea. Fundi anayelipwa kwa mshono peke yake, huku akipigiwa simu kila saa kuulizwa kama mtambo umekwisha, hana namna ya kungoja siku hizo mbili.