Mkulima ana kosa gani kwenye bodi ya shule?

Bodi ya shule ikivurunda, lawama za kwanza huangukia vyeti. Darasa jipya limepasuka ukuta kabla halijapakwa rangi, hela za chakula hazijulikani zilikokwenda, na mtu anauliza: hivi wajumbe wenyewe walisoma mpaka wapi? Kutoka hapo pendekezo halikawii. Sheria ibadilishwe, kila anayeketi kwenye bodi awe na stashahada, mwenyekiti awe na shahada, na mkulima na mama mboga wabaki kwenye mkutano wa wazazi.

Wanaosema hivyo hapa Kenya si watu wa dharau wote, na hoja yao ina uzito. Tangu 2018 mgao wa serikali umepangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Shule ya wanafunzi 800, kwa hesabu ya makaratasi, inasimamia karibu shilingi milioni 17.8. Hata zikifika kwa kudonolewa jinsi tulivyozoea, ni pesa nyingi kuwakabidhi watu ambao baadhi yao hawajawahi kusoma taarifa ya hesabu. Isitoshe, bodi ni mwajiri. Mpishi, mlinzi, karani na wale walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi yenyewe badala ya serikali, wote wana mkataba nayo. Ukimfukuza mlinzi kwa hasira bila barua ya onyo wala kumsikiliza, atakwenda mahakama ya ajira, na fidia italipwa kwa pesa za watoto. Mwanasheria mmoja mezani angelizuia hilo kwa sentensi mbili. Hapo sibishani na mtu.

Ninapoanza kusita ni pale inapodhaniwa kwamba bodi zetu zimejaa watu wasiosoma, na kwamba huko ndiko uozo unakotoka. Tazama zinavyoundwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 56, inataka watu sita wa kuwakilisha wazazi au jamii ya eneo, watatu wa mfadhili, ambaye mara nyingi ni kanisa, mmoja wa walimu, mmoja aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa makundi maalumu na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Mwakilishi wa wanafunzi naye ana kiti. Katibu ni mwalimu mkuu mwenyewe. Sasa hesabu vyeti. Wa mfadhili huwa ni mchungaji au mwalimu mstaafu. Wa kaunti ni mtu wa ofisi. Hata katika wale sita hupenyezwa "mtoto wetu wa Nairobi" mwenye shahada mbili, anayefika mikutano ya mwanzo halafu anaanza kuomba radhi kwa simu. Meza hiyo haina upungufu mkubwa wa wasomi. Mkulima akiwa na bahati huwa wa nne au wa tano kusikilizwa.

Kuna utafiti mmoja uliofanyika magharibi mwa Kenya ambao naurudia kila suala hili linapozuka, kwa sababu naona hausomwi vya kutosha. Waliousimamia ni Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Wawili kati yao, Duflo na Kremer, walikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kamati za shule za msingi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa pesa za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa mkataba wa mwaka, kwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Darasa lililokuwa na wastani wa watoto 82 likashuka hadi 44. Watoto waliobaki na walimu wa zamani hawakupanda kwa kiwango cha kutajika, ingawa darasa lilikuwa limepungua karibu nusu. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba walipanda. Mwalimu wa mkataba alikuwa anafika kazini. Wale wa kudumu, baada ya kupata msaidizi, walilegea.

Hayo wengi wameyasikia. Linalopitwa ni hili: karibu theluthi moja ya nafasi hizo za mkataba zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwa tayari shuleni. Theluthi! Katika kila ajira tatu, moja ilikuwa ya shemeji, mpwa au mke wa mtu wa chumba cha walimu. Na waliowanufaisha jamaa zao hawakuwa wale wasiojua kusoma. Walikuwa wenye vyeti, watu ambao pendekezo la stashahada lingewaongezea viti.

Kisha katika sehemu ya shule hizo walijaribu jambo dogo tu. Wazazi wa kwenye kamati walifunzwa namna ya kumhoji mwombaji kazi na namna ya kupima kazi ya mwalimu kabla ya kurefusha mkataba wake, na wazazi wawili wakaombwa wawe wanapita kuangalia kama yupo darasani. Hapakuwa na shahada wala sheria mpya. Ajira za kindugu zilipungua, na ule ulegevu wa walimu wa kudumu ukapungua pia. Kweli, hizo zilikuwa shule za msingi, enzi za kamati za sheria ya zamani, na bodi ya sekondari ya leo ina mambo mengi kuliko ajira ya mwalimu mmoja. Lakini sijaona hoja inayoonyesha kwa nini mzazi aliyeweza kuzuia shemeji wa mtu asiingie darasa la kwanza ashindwe kumzuia asiingie stoo ya sekondari.

Mwalimu mstaafu, kipenzi cha wanaotaka bodi za wataalamu, naye aangaliwe vizuri. Anazijua mbinu zote, na hiyo ni faida kubwa. Ila anakuja na upande wake. Huko California, Marekani, ambako mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura hutolewa kwa bahati nasibu na anayetajwa kwanza huongezewa kura kwa bahati tu, watafiti waliweza kupima kinachotokea mtu aliyekuwa mwalimu anapoongezeka kwenye bodi ya shule: mishahara ya walimu hupanda. Huenda ni haki yao, siwaonei gere. Ninachosema ni kwamba taaluma haimfanyi mtu kuwa refa.

Tuingie mkutanoni kidogo. Taarifa ya fedha hugawiwa watu wakiwa wameshaketi, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, ilhali mazungumzo yote ni kwa Kiswahili au lugha ya mama. Mwalimu mkuu anapitia vichwa vya habari, anauliza kama kuna swali, mtu anapendekeza, mwingine anaunga mkono, chai inaingia. Katika hali hiyo hata mhasibu wa kampuni kubwa haoni kitu. Lakini mwache mama anayeuza nafaka sokoni apewe karatasi hiyo wiki moja kabla. Ataona kwamba shule imenunua maharagwe kwa bei ileile Februari, Mei na Agosti. Yeye anajua bei hushuka watu wakishavuna. Bei isiyopanda wala kushuka mwaka mzima imepangwa na mtu. Swali lake halihitaji stashahada: kwa nini tunalipa bei ya kiangazi wakati wa mavuno? Fundi naye akipita kwenye msingi wa bweni anazitambua kwa mkono nondo za milimita 10 zilizoandikiwa risiti ya milimita 12.

Huyu mzazi ana udhaifu wake, na ni mkubwa. Mtoto wake yuko shuleni humo, kwa hiyo kumkera mwalimu mkuu kuna gharama. Karo ikiwa na deni, mdomo huwa mzito zaidi. Na muuza nafaka yuleyule anayejua bei anaweza kuutaka ugavi wa maharagwe yeye mwenyewe. Wapo pia wasioweza kusoma kabisa, na hapo nakubali kuwe na kiwango cha chini: mjumbe aweze kusoma kile anachokipitisha. Zaidi ya hapo sheria imeshaacha mlango, kwa kuwa bodi inaruhusiwa kujiongezea hadi watu watatu wenye ujuzi inaouhitaji. Mwanasheria, mhasibu na mhandisi wakaingilie hapo, bila kumng'oa mzazi.

India, katika sheria yake ya haki ya elimu ya 2009, iliamua kwamba robo tatu ya kamati ya usimamizi wa shule wawe wazazi au walezi, na nusu ya wajumbe wote wawe wanawake. Sisi tumewapa wazazi viti sita, tena katika sekondari za kaunti wanavigawana na "jamii ya eneo", na sasa tunataka kuvipunguza kwa kisomo.

Kama ni lazima mgombea aulizwe kitu siku ya uchaguzi, aulizwe ana undugu na nani kati ya walimu na wafanyakazi wa shule, na kama yeye au mwenzi wake anaiuzia shule chochote. Majibu yaandikwe, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo langoni, na mwalimu mkuu abandike yake hapohapo.